Hodi ya Nne

Alipokuwa akipiga hodi, aliupa mlango mgongo. Wasiomjua walidhani ana ugomvi na mlango wenyewe. Kumbe ilikuwa adabu: mlango ukifunguliwa ghafla, macho yake yasiangukie ndani ya chumba cha mtu kabla mwenyewe hajamkaribisha. Basi alisimama hivyo, uso ameuelekeza ukuta wa pili, mikono nyuma, akasema hodi kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Asipoitikiwa, alingoja kidogo akasema ya pili. Asipoitikiwa tena, akasema ya tatu. Baada ya ya tatu alikwenda zake. Hapakuwa na ya nne.

Nieleze hapa, kwa faida ya msomaji aliyekulia mbali na pwani, kwamba jambo hili hakulibuni yeye. Ndivyo tulivyofundishwa wote, chuoni kwa mwalimu wa Kurani na nyumbani: hodi ni tatu, na asiyeitikiwa arudi, wala asinung'unike. Aliyemo ndani huenda amelala, huenda anaswali, huenda ana lake. Tofauti ni kwamba sisi wengine tulilijua jambo hilo, na yeye alilifuata.

Tulimwita Msimamizi. Alisimamia nyumba ya kupangisha pale Msambweni, mali ya bwana mmoja aliyekaa Mombasa ambaye wengi wetu hatukupata kumwona. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya kwetu, ya udongo na makuti: baraza mbele, ujia mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani palipokuwa na jiko, kisima na choo cha watu wote. Mimi niliingia nikiwa mwalimu mpya, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wakati picha za ofisini zilikuwa zimekwisha kubadilishwa lakini misumari ilikuwa ile ile.

Siku ya kwanza nilimkuta barazani, nikamwamkia.

"Shikamoo, mwenye nyumba."

"Marahaba. Mwenye nyumba yuko Mombasa."

"Basi wewe ni nani, Mzee?"

Alifikiri kidogo, kama aliyeulizwa kwa mara ya kwanza. "Nyumba ni yake," akasema. "Chumba ni chako. Mimi nina ujia."

Na ujia kweli aliutunza. Aliufagia asubuhi na jioni, akaunyunyizia maji vumbi lisipande, na mtu aliyeacha ndoo au kiatu mle alikikuta mbele ya mlango wake kimeelekezwa ndani, bila neno. Lakini kutia mguu kwenye kizingiti cha mtu, hapana. Paa la chumba changu lilipovuja, nilimwita aje aone. Alisimama ujiani, mgongo mlangoni, akauliza matone yanaangukia wapi.

"Mguuni pa kitanda, Mzee. Ingia uone."

"Nasikia," alisema. Akasikiliza kwa muda. "Upande wa kisima, karibu na boriti ya pili."

Ilikuwa boriti ya tatu. Fundi wa makuti alirudi mara mbili.

Usidhani kwa hiyo alikuwa mtu asiyejua mambo ya watu. Alikuwa akiyajua yote. Alijua nani amepika wali wa nazi kwa kusikia mbuzi ya kukunia, na nani amegombana na mkewe kwa namna ndala zilivyokanyagwa kuelekea kisimani. Aliniambia siku moja kwamba ninaumwa jino, na kweli lilikuwa linaniuma. Alikuwa amesikia ninavyotafuna. Mtu huyu ambaye hangetupa hata jicho chumbani mwako alikuwa amekaa na wewe humo siku zote kwa masikio. Nilipomwuliza kama hiyo nayo si kuingia bila hodi, alisema masikio hayana mlango, kwa hiyo hayana kosa. Sikukubaliana naye, lakini nilianza kutafuna taratibu.

Mpangaji aliyemtia tabu kuliko wote alikuwa Mama Mwende. Alitoka Ukambani, akifua mashuka kwenye hoteli moja ya Diani, zamani zile hoteli zilipokuwa chache na shuka ni nyingi. Alikuwa mwema na mwenye haraka. Hodi yake na mkono wake vilikuwa kitu kimoja: neno likitoka, mlango umekwisha fika ukutani. Aliwahi kuniingilia nikiwa nimejifunga taulo, akaomba chumvi, akapewa, akatoka.

"Mama Mwende," Msimamizi alimwambia, "hodi ni kuomba."

"Si nimeomba?"

"Umeomba ukiwa ndani."

"Sasa Mzee, nikiomba nje nani atanipa chumvi?"

Alimkanya hivyo kila mara, kwa subira, bila kupandisha sauti, na kila mara alimaliza kwa kumwambia kwamba ataelewa tu, polepole. Aliamini watu huelewa. Naye Mama Mwende alimjibu, "Nitaelewa, Mzee," akaenda kusukuma mlango mwingine.

Chumba cha mwisho, karibu na uani, alikaa Fundi. Huyu alikuwa seremala, mtu wa Kinango, mpole, asiye na mke wakati ule. Milango yote ya nyumba ile aliitengeneza yeye. Kitanda chake pia alikitengeneza mwenyewe, kipana, cha mti mzito, na kwa kuwa alikitengenezea chumbani, kilipokamilika kikawa hakiwezi kutoka. Tulimtania sana. Alisema hana mpango wa kuhama.

Kisha kikaja kipindupindu.

Walio vijana leo huenda wanalijua neno hili kwa kusikia tu, basi niseme kidogo. Ugonjwa huu humkausha mtu. Maji ya mwili hutoka yote kwa kuhara na kutapika, na mtu aliyelala mzima anaweza kuifikia adhuhuri hana nguvu ya kumwita hata mama yake. Lakini akifikishwa hospitali mapema, akatiwa maji mshipani, huinuka akaomba uji. Kwa hiyo shughuli yote ni mapema. Anayechelewa kuonekana ndiye anayekufa.

Bwana afya alikuja nyumba kwa nyumba. Alikuwa kijana wetu, si Mzungu tena, na bado alikuwa akiizoea kofia yake. Alitia dawa kisimani, akasema maji ya kunywa yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, karamu za arusi zingoje. Watu hawakuyataka maji yale ya dawa, walisema yananuka. Msimamizi hakubishana nao. Alichota kikombe mbele ya wapangaji wote, akakinywa, akaenda kukaa barazani mpaka alasiri ili kila apitaye amwone yu hai. Jirani mmoja alipita mara tatu kuhakikisha.

Kwa kuwa arusi zilikuwa zimesimamishwa, aliazima sufuria kubwa la kupikia pilau, akalibandika uani, akawa anachemsha maji ya nyumba nzima. Yalinuka moshi.

"Mzee, maji yana moshi," tulisema.

"Moshi haujaua mtu nyumba hii."

Sabuni ya chooni ilikuwa ikipotea, akaifunga kamba kama mbuzi. Ikawa inaliwa na mikono yetu tu, hapo hapo ilipofungwa.

Na kila asubuhi, kwa kuwa bwana afya alimwagiza amwambie nani hajambo na nani anaumwa, alipita ujiani akipiga hodi mlango baada ya mlango. Mgongo mlangoni, mikono nyuma. "Hodi." "Karibu, hatujambo, Mzee." Akaenda wa pili.

Asubuhi moja nilikuwa nimekwisha kwenda shule. Haya nasimulia kama nilivyoambiwa na bwana afya, na Msimamizi mwenyewe hakuyakanusha. Alifika mlango wa Fundi akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, akangoja, akaenda zake.

Bwana afya alimkuta barazani.

"Wapangaji wako, Mzee?"

"Hawajambo. Fundi hakuitika."

"Hakuitika ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba hataki mtu."

Bwana afya naye alikuwa mtoto wa pwani. Jibu lile alilielewa vizuri kabisa, akaitikia kwa kichwa, akaenda nyumba ya pili. Hapo ndipo mimi huwaeleza vijana kwamba watu wawili wenye adabu walikubaliana mbele ya mlango ulioegeshwa tu, usio na komeo, na nyuma yake kulikuwa na mtu amelala sakafuni anayesikia hodi zote tatu na hana mate ya kuitikia hata moja.

Karibu na adhuhuri Mama Mwende alirudi, hoteli ikiwa imewapa ruhusa mapema. Alikuwa na kigoda kilichovunjika mguu, akaenda nacho kwa Fundi. Alisema hodi, na mlango ukafika ukutani.

Mimi niliingia nyumbani wakati huo huo, nikasikia sauti yake mpaka barazani. "Mzee! Njoo! Fundi anakufa!"

Tulikimbia. Msimamizi alifika kizingitini akasimama. Nilimwona anasimama. Kisha akaingia, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ndani ya chumba cha mtu. Fundi alikuwa amebaki macho tu. Alikuwa amenywea kama nguo iliyokamuliwa.

"Tumbebe na kitanda," alisema mume wa chumba cha tatu, muuza samaki.

"Kitanda hakitoki," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Msimamizi aliutazama mlango. Sanduku la zana lilikuwa chini ya dirisha. Aliinama akamwuliza Fundi, kwa sauti ile ile ya kuagiza chai, kama anamruhusu kuitumia bisibisi yake. Fundi hakuitika. Msimamizi akaitumia.

Aling'oa bawaba zote mbili, tukauteremsha mlango, tukamlaza Fundi juu yake, tukatoka: mimi na muuza samaki mbele, Msimamizi na Mama Mwende nyuma. Barabarani watu walitupisha kwa upana sana. Njia nzima Msimamizi hakusema, ila mara moja tu, karibu na lango la hospitali.

"Mama Mwende."

"Naam, Mzee."

"Ulipiga hodi ngapi?"

"Sijui, Mzee. Sidhani hata moja ilikwisha."

"Vyema," alisema.

Walimpokea Fundi, wakamtundikia maji, wakatuambia turudi nyumbani tukanawe. Ingeishi au isingeishi roho ile, hawakutuambia, maana hawakujua.

Tulirudi. Tulinawa. Msimamizi aliketi ujiani akilitazama lile pengo la chumba cha mwisho lililokuwa halina mlango, ambapo sasa mtu aliyesimama popote ujiani aliona mpaka kitanda. Kisha akanyanyuka akaichukua bisibisi ya Fundi na kuanza na mlango wangu.

"Mzee, mimi siumwi."

"Ndiyo maana naweza kukuuliza. Una la kusema?"

Nilikuwa nalo, lakini mlango ulikuwa umekwisha lala. Kufikia alasiri ameng'oa milango yote ya vyumba, wake ukiwa wa mwisho, na ameipanga uani imeegemea ukuta. Tulitundika tulichokuwa nacho: kanga, gunia, mimi mkeka. Nyumba nzima ikawa kama duka la nguo.

Mke wa muuza samaki alilia. "Na staha, Mzee? Sisi si watu?"

"Staha ipo, mwanangu. Nitakohoa."

Na alikohoa. Alianza kukohoa tangu barazani, akaingia ujiani macho yametazama vidole vya miguu yake, akafika kwenye pazia na kuligeuzia mgongo kama zamani. Hodi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Asipoitikiwa, hakuondoka tena. Aliirudisha fimbo yake kinyumenyume, ikapita chini ya pazia, akaitikisa chumbani huku na huku mpaka mtu aseme neno, lolote. Yeye hakuingia; iliingia fimbo. Mimi nilipigwa kisigino nikiwa nimelala Jumamosi, nikasema neno ambalo mwalimu hatakiwi kulisema. "Hajambo," nikamsikia akijiambia, akaenda wa pili.

Fimbo hiyo sisi wapangaji tuliiita hodi ya nne.

Watu wa mtaa walitusema. Msimamizi mtu wa dini, walisema, leo anatia fimbo vyumbani mwa watu. Aliyasikia, kwa kuwa alikuwa akisikia kila kitu. Siku chache baadaye fimbo ilimkuta muuza samaki anajikunja tumbo, anadai ni kachumbari. Alipelekwa hospitali mapema, kwa miguu yake mwenyewe, akilalamika njia nzima kwamba anaonewa. Nadhani Msimamizi hajapata kusikiliza kitu kwa raha kama malalamiko yale.

Wakati Fundi angali hospitali, alikuja mpwa wa mwenye nyumba kutoka Mombasa. Alivaa viatu vya kamba na alikuwa na kufuli jipya mkononi, bado lina mafuta. Hakukaa.

"Mjomba amesikia nyumba imeingia ugonjwa," alisema. "Amesema vitu vya yule seremala vitolewe, chumba kifungwe, asirudi. Wengine watakimbia wakimwona."

Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamsindikiza ujiani kwa heshima zote.

"Chumba ni kile cha mwisho. Funga."

Kijana alikwenda, akasimama. "Mlango uko wapi?"

"Uko hospitali."

"Mlango unaumwa?"

"Ulimpeleka mgonjwa."

Kijana alitazama huku na huku akaona kanga na magunia yanapepea. "Basi nipe mlango mmojawapo wa hii mingine."

"Haiingii pale. Kila mlango ulitengenezewa chumba chake."

"Nani aliitengeneza?"

"Fundi."

"Basi aitwe fundi aje kupachika mmoja."

"Yuko hospitali," alisema Msimamizi. "Akirudi nitamwambia umekuja na kufuli. Atakupachikia."

Mama Mwende alikuwa uani na nguo zake. Alicheka mpaka akakaa chini. Kijana alikasirika, akasema basi vitu vitolewe angalau, kitanda kile kitupwe nje. Tulimwambia ajaribu. Alijaribu. Kisha akapanguza mikono, akasema atamweleza mjomba wake jinsi mambo yalivyo. Sijui alimwelezaje. Kufuli alilisahau barazani, likafungiwa sabuni.

Fundi alirudi mwembamba, amekaa kwenye lori la mkaa juu ya mlango wake mwenyewe, uliosuguliwa kwa dawa mpaka rangi yote imetoka. Tulimshangilia, na mke wa muuza samaki akampigia vigelegele ambavyo alikuwa amevikosa arusini. Msimamizi hakuwa kati yetu. Alikuwa anafagia ujia, uliokuwa safi.

Tulipotawanyika alikwenda kwenye lile pengo. Akaligeuzia mgongo. Mimi nilikuwa nyuma ya mkeka wangu, na kwa kuwa yeye mwenyewe alisema masikio hayana kosa, nilisikiliza.

"Hodi."

"Karibu, Mzee," alisema Fundi.

Kimya.

"Karibu, Mzee. Pita ndani."

"Sikuja kuingia," alisema Msimamizi. "Nimekuja kusikia tu."

Alikaa kidogo pale, kisha akaenda zake. Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa. Ndiyo samahani pekee niliyopata kumsikia akiiomba, naye Fundi aliipokea kila asubuhi bila kuitaja. Hata ugonjwa ulipokwisha na karamu zikarudi na sufuria likadaiwa, hodi ile ya asubuhi iliendelea.

Fundi alipopata nguvu aliirudisha milango. Kila mmoja aliukata chini kiasi cha upana wa kiganja, fimbo iweze kupita. Hakuagizwa, alisema tu mbao zimevimba. Paka walinufaika sana.

Nilihamishiwa Kinango, kisha Matuga, nikaoa, nikafundisha watoto ambao leo nao wana watoto. Nilimwona tena mara moja ya mwisho, nilipokwenda Msambweni kwa shughuli nyingine na mvua ikanishusha njiani. Nyumba ilikuwa imetiwa mabati. Mama mmoja mgeni aliyekuwa barazani aliniambia mzee bado yupo, chumba cha mbele, ila siku hizi hatoki sana na watu humwacha apumzike.

Niliingia ujiani. Ulikuwa umefagiwa. Nikaupa mlango mgongo, mwavuli unadondosha maji mkononi, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, nikangoja kuliko inavyotakiwa. Mle ndani hapakuwa na hata sauti ya kitanda.

Yule mama alichungulia. "Atakuwa amelala, baba. Mwache."

Niliuinamisha mwavuli, nikaupitisha chini ya mlango, nikautikisa. Hakuna kitu. Nikautikisa tena, kwa nguvu. Kisha mwavuli ukashikwa. Ulivutwa taratibu ukaniponyoka, ukaingia wote mpaka mpini.

"Nani?" ilisema sauti ya mtu anayeagiza chai.

"Ni mimi, Mzee. Mwalimu. Wa boriti ya tatu."

"Karibu. Mwavuli wako umeshaingia."

Nilisukuma mlango. Alikuwa ameketi kitandani, macho yamezibwa na ukungu wa uzee, mwavuli wangu umelala magotini unamlowesha. Nilimwamkia, akaitikia, akaushika mkono wangu muda mrefu.

"Mzee, umenitia hofu. Hukuzisikia hodi?"

"Nilizisikia zote."

"Mbona basi hukuitika?"

Alinirudishia mwavuli, mpini mbele.

"Nilikuwa naingoja ya nne," alisema.